Gia Boksi, Difu na Propela kwenye Fo-Wili Kuukuu: Maswali Ninayoulizwa Kila Wiki

Gereji yetu iko Kariobangi, Nairobi, na kazi yetu kubwa ni gia boksi na kila kitu kinachozungushwa nayo: propela (mti wa chuma unaopeleka nguvu nyuma) na difu (gia zinazoigawa nguvu hiyo kwa magurudumu), hasa kwenye fo-wili, yaani gari linalosukuma magurudumu yote manne. Magari mengi tunayofungua ni ya kati ya 2004 na 2013: X-Trail, Forester, RAV4, CR-V, Outlander, Prado. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka minane, kwa hiyo gari la 2008 unaloliona barabarani leo lilishuka Mombasa si baada ya 2016. Tangu hapo limekula mashimo na matuta yetu, juu ya kilomita lilizokuja nazo. Maswali haya hunijia kwa simu, mengine saa moja usiku mtu akiwa amekwama Mombasa Road huku matatu zikimpigia honi. Nimeyajibu kama ninavyomjibu mteja aliyekaa hapa kwenye benchi.

Fundi, nitajuaje kama ni gia boksi kweli?

Usianze na gia boksi. Watu hufika hapa wameshaambiwa kwingine kwamba boksi imekufa, wameshaanza hata kuchangisha pesa za kununua nyingine, na si wachache wanaoondoka na boksi ileile waliyokuja nayo.

Anza na maunting, zile raba zinazoshikilia injini. Maunting ya injini ikikatika, ukitoa P (kuegesha) kwenda D (kwenda mbele) gari hupiga teke sawasawa na boksi mbovu. Fungua boneti, mtu akanyage breki kwa nguvu na kuingiza D halafu R (kurudi nyuma), wewe simama kando (si mbele ya gari, tafadhali) utazame injini. Ikiruka kama mbuzi aliyefungwa kamba, hapo ndipo pa kuanzia. Kisha tazama plagi na koili zinazowasha petroli ndani ya injini. Injini inayokosa silinda moja hutetemesha gari likipanda mlima, na dereva ataapa ni gia.

Boksi yenyewe ikichoka ina lugha yake. Unakanyaga mafuta, mshale wa RPM (mizunguko ya injini) unapanda hadi 3,000, gari linaendelea kutambaa: hiyo ni kuteleza, pleti za klachi ndani zimeisha au presha ya oili imeshuka. Unaingiza R na unahesabu moja, mbili, tatu ndipo inashika. Gia moja haipatikani kabisa. Oili inanuka kama mkate ulioungua. Ukiwa na mawili kati ya hayo, njoo. Ukiwa na moja tu, pima oili kwanza.

Oili ya gia hupimwaje? Gari langu silioni kijiti.

Penye kijiti, magari mengi ya otomatiki hupimwa yakiwa yamepata moto, injini ikinguruma, baada ya kupitisha gia zote taratibu na kurudi P. Honda wana utaratibu wao: unazima injini kwanza, kisha unapima papo hapo. Ukipima Honda kwa njia ya Toyota utapata jibu la uongo.

Pasipo kijiti kuna boliti ya kumwagia ziada chini ya boksi. Kwa Toyota nyingi zinazotumia oili ya WS, oili ikifika joto la kama nyuzi 35 hadi 45 boliti hufunguliwa, ziada ikamwagika, na oili ikianza kudondoka matone boliti inafungwa. Fundi anayeifungua boksi ya moto kabisa baada ya kutoka Thika mpaka hapa atamwaga zaidi ya inavyotakiwa, kwa sababu oili ya moto hutanuka. Anayeifungua ya baridi ataacha oili kupita kiasi. Muulize fundi wako anasomaje joto la oili. Akikuonyesha kiganja chake, funga boneti uende.

Rangi ya oili inasema nini?

ATF (oili ya boksi ya otomatiki) mpya kwa kawaida ni nyekundu. Ikiwa hudhurungi lakini hainuki, imezeeka tu. Nyeusi yenye harufu ya kuungua ni pleti zinazoisha.

Ile ya kuogopa ni ya waridi yenye povu, kama mtindi wa stroberi. Hapo maji ya rejeta yameingia kwenye boksi. Magari mengi hupozea oili ya gia ndani ya rejeta, na ukuta mwembamba unaotenganisha maji na oili ukitoboka vinachanganyika. Marekani, Nissan Pathfinder, Frontier na Xterra za 2005 hadi 2010 zilijulikana sana kwa ugonjwa huu, ingawa rejeta yoyote kuukuu inaweza kuufanya. Maji hulainisha gundi inayoshika bitana ya pleti za klachi, na ndiyo maana siku mbili za kuendesha hivyo zinatosha kuua boksi nzima. Zima gari hapo hapo. Na ukibadilisha rejeta kwa sababu ya kuvuja, usiweke iliyochomelewa na mtu wa kando ya barabara kama ndani yake mna pozeo la gia.

Kitabu kinasema oili ni ya maisha. Niiguse?

Maisha ya nani? ZF, Wajerumani wanaotengeneza boksi za gia sita zilizomo kwenye BMW X5 na Land Rover Discovery 3, wenyewe wanapendekeza oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Mimi kwa gari la Nairobi, linalokaa kwenye msongamano saa mbili kwa siku, husema kilomita 40,000 hadi 60,000. Kwa boksi nyingi za ZF hizo, sampu (bakuli la oili chini ya boksi) ni ya plastiki na chujio limo ndani yake, kwa hiyo vinabadilishwa pamoja.

Lakini jirani yangu alibadilisha oili na boksi ikafa wiki hiyo hiyo.

Naamini. Boksi yake ilikuwa inakufa tayari, na ndiyo maana aliamua kubadilisha. Pleti zikiisha, unga wake huelea kwenye oili kuukuu na kusaidia kushika kidogo. Ukiondoa wote kwa mara moja kwa mashine ya presha, ukaweka oili mpya yenye sabuni yake, kinachobaki ni pleti zisizo na kitu.

Kwa boksi kuukuu isiyo na historia situmii mashine. Namwaga kwa boliti. Inatoka theluthi moja hadi nusu tu ya oili yote, kwa sababu nyingine imebaki kwenye toki konveta, kile kiungo cha majimaji kati ya injini na boksi. Najaza kiasi kilichotoka, mteja anaendesha wiki mbili, anarudi, tunarudia. Ikiwa oili ilitoka nyeusi na inanuka, namwambia mapema kwamba hatuponyi kitu hapo, tunapima tu kama mgonjwa ataamka.

CVT ni nini hasa, na kwa nini watu wanaiogopa?

CVT haina gia za kuhesabu. Ina puli mbili na mkanda wa chuma katikati. Puli zikibana na kuachia, mkanda unapanda na kushuka, na gari hupata mwendo bila kuruka. X-Trail ya 2007 hadi 2013 iko hivyo, Outlander nyingi ni hivyo, na watu wengi hawajui kwamba hata RAV4 zilizouzwa Japani kuanzia 2005 zenye injini ya 2.4 zina CVT. Mteja anasimama dukani anaomba ATF ya Toyota, anauziwa.

Hapa nina kovu. Mwaka wangu wa pili kwenye kazi, kwenye gereji iliyonifunza, nilipewa gari la CVT nijaze oili iliyopungua. Nikachota ATF nyekundu kwenye pipa, lita mbili, nikajaza, mteja akaondoka akitabasamu. Siku ya nne alirudi akivutwa. Tulipofungua, puli ilikuwa na mikwaruzo ambayo ukipitisha ukucha unakwama. Mkanda na puli ni chuma kwa chuma, na kinachofanya vishikane bila kulana ni oili iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. ATF ya kawaida inauacha mkanda uteleze. Nilikatwa mshahara miezi saba.

Kwa hiyo: Nissan za mwanzo NS-2, za baadaye NS-3. Honda za zamani HMMF, za baadaye HCF-2. Subaru ina yake. Usikubali "hii inaingia zote" bila kuisoma chupa mwenyewe.

Dalili za CVT inayochoka ni mlio wa kama filimbi unaopanda na mwendo, mtetemo ukiondoka taratibu, na gari kupoteza nguvu mlimani likipata moto halafu kurudi sawa likipumzika. Hiyo ya mwisho ni kompyuta inajilinda. Nissan wenyewe, kule Marekani, waliongeza dhamana ya CVT hadi miaka 10 au maili 120,000 kwa magari kama Murano na Rogue yaliyotoka kabla ya 2011, kwa hiyo ukiambiwa ni wewe uliyeliendesha vibaya, usikubali upesi.

Nimetoka kuosha gari na sasa limekwama gia ya tatu, taa ya injini inawaka.

Uliosha injini kwa presha, sivyo?

Boksi ya otomatiki ikikosa taarifa kutoka kwa sensa zake hujifunga kwenye gia moja, mara nyingi ya tatu, ikupeleke nyumbani polepole. Maji yakiingia kwenye plagi ya nyaya za swichi inayoiambia kompyuta uko P, R au D, matokeo ni hayo. Betri dhaifu pia hufanya hivyo.

Mama mmoja wa Rongai aliletewa bei ya boksi nzima na gereji tatu. Tulipochomoa plagi ile upande wa juu wa boksi, pini mbili zilikuwa za kijani kama shaba ya sanamu, na tone la maji likadondoka kwenye kidole changu. Tukasafisha, tukakausha, tukafuta kodi (namba ya hitilafu) kwenye kompyuta. Alilipa kazi ya saa moja. Akakaa kwenye gari dakika tano hajaliwasha, nadhani alikuwa anapiga hesabu ya alichokuwa karibu kulipa.

Gari lipimwe kwa mashine kabla mtu hajashika spana. Na omba uone kodi yenyewe iliyoandikwa, si maelezo yake tu.

Gari likikata kona kali linajivuta, kama mtu ameshika handbreki. Ni difu?

Pengine ni matairi. Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa sababu jibu lake liko kwa fundi cherehani.

Kwenye gari linalosukuma magurudumu yote manne, mbele na nyuma vimeunganishwa. Matairi yakitofautiana ukubwa, hata kidogo, magurudumu huzunguka kwa kasi tofauti, na kifaa cha katikati hufanya kazi ya kusawazisha kila sekunde, hata barabara ikiwa imenyooka. Kinapata moto, kinaisha. Subaru wanataka mzunguko wa matairi usitofautiane zaidi ya robo inchi, yaani kama milimita 6. Sasa tairi limepasuka Outering Road, ukanunua moja la mtumba, saizi imeandikwa sawasawa ubavuni, lakini lile ulilonunua lina meno na matatu mengine yana upara. Robo inchi imepita zamani.

Chukua futi ya cherehani, izungushe kwenye kila tairi katikati ya meno, upepo ukiwa sawa. Andika namba nne. Nimewahi kupata tofauti ya zaidi ya sentimita mbili kwenye gari ambalo mwenyewe aliapa matairi ni mamoja.

Matairi yakiwa sawa na bado linajivuta, kwa Forester za zamani za otomatiki ya gia nne kuna kipimo cha bure. Ndani ya boneti kuna nafasi ya fyuzi iliyoandikwa FWD. Weka fyuzi hapo, taa ya FWD itawaka kwenye dashibodi, na gari linakuwa la kusukuma mbele tu. Zungusha usukani mpaka mwisho, uende polepole uwanjani. Kujivuta kukiisha, pleti za nyuma zinaachia vizuri na tatizo liko kwenye matairi au kwenye umeme unaoziamuru. Kukibaki, solenoidi (valvu ya umeme) au pleti zenyewe zimeganda. Halafu toa fyuzi. Haikuwekwa pale uishi nayo.

CR-V ni kisa tofauti. Ikinguruma nyuma wakati wa kukata kona, mara nyingi difu inataka oili tu, na si gia oili ya kawaida. Ina yake maalum ya Honda, Dual Pump Fluid (DPF). Ukiijaza ya kawaida kelele huzidi.

Nikisimama kwenye taa, kitu kinagonga chini, "ko!", kama nimegongwa nyuma.

Prado? Leta bunduki ya grisi. Propela shafti ina sehemu inayoteleza ndani na nje, na ikikauka hushika halafu inaachia kwa kishindo. Kuna nipo zake (vichuchu vya kupitishia grisi), ila matope ya miaka huzifunika mpaka fundi haoni kama zipo. Jana tu nilikwangua moja kwa bisibisi, nikapiga grisi, ikatoka ya zamani nyeusi na ngumu kama lami. Kishindo kikaisha, na mteja akaniuliza kwa hasira kwa nini alishauziwa beringi mbili.

Kama grisi haisaidii, shika shafti kwa mikono miwili gari likiwa limezimwa na magurudumu yamezuiwa, uizungushe huku na huku. Ukiona msalaba wa kiungo unacheza, umekwisha. Kwa Volkswagen Touareg na Porsche Cayenne za kwanza, tazama beringi ya katikati ya propela. Raba yake hukatika na utasikia kugonga chini ya miguu yako unapokanyaga mafuta.

Naweza kuacha fo-wili ikiwa imewashwa barabara ya lami?

Inategemea gari. Jimny na wenzake wa kuingiza kwa mkono: hapana, kwa lami kavu utavunja kitu. Pajero yenye Super Select: 4H sawa, 4HLc (yenye kufuli ya difu ya katikati) hapana. Prado ya fo-wili ya kudumu haina shida, mradi kufuli ya difu ya katikati haijawashwa. Watu huigusa bila kujua wakitafuta swichi nyingine.

Difu inalia kama nyuki kuanzia kilomita 60 kwa saa.

Sikiliza inalia lini. Ikilia ukikanyaga na kunyamaza ukiachia, au kinyume chake, ni meno ya difu. Ikilia muda wote na kubadilika ukiyumbisha usukani kushoto na kulia, huenda ni beringi ya gurudumu, na hiyo ni nafuu.

Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024 tulifungua difu nyingi zilizokuwa na oili nyeupe kama chai ya maziwa. Difu ya moto ikiingia ghafla kwenye maji baridi, hewa ndani hujikunja na kuvuta maji kupitia sili au bomba la kupumulia. Ukivuka maji yaliyofika katikati ya gurudumu, mwaga oili ya difu wiki hiyo. Usingoje kelele.

Inatikatika "tik tik tik" nikikata kona.

Si-vi joint, kile kiungo cha mti unaozungusha gurudumu. Chungulia ndani ya rimu. Ukiona grisi imerushwa kila mahali, buti (mfuko wa raba unaofunika joint) imepasuka. Ukiwahi kabla ya mlio, ni buti na grisi tu. Ukishasikia mlio, ni joint.

Kushuka mlima na frii (gia ikiwa N) kunaokoa petroli?

Hapana. Injini za sasa zikiwa kwenye gia, ukiachia mafuta mlimani, hukata petroli kabisa. Ukiweka frii lazima zichome kidogo zisizime. Na unabaki na breki peke yake. Ukiteremka Mai Mahiu, kuanzia kabla ya lile kanisa dogo la Waitaliano, zima O/D (gia ya juu kabisa) au shusha hadi 2. Ukirudi kupanda na mzigo wa Naivasha, zima O/D vilevile ili boksi isirukeruke kati ya gia mbili na kujichemsha. Ukisikia harufu ya kuungua, simama, weka P, uache injini ikinguruma. Pampu ya oili huzungushwa na injini, na oili itaendelea kupita kwenye pozeo.

Boksi imekufa kweli. Ninunue ya mtumba au mtengeneze hii?

Boksi za gia nne na tano za Toyota naona raha kuzitengeneza. CVT iliyokwaruza puli, mara nyingi nakushauri ununue nyingine.

Ukienda kutafuta vipuri Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, beba picha ya kibati cha maelezo ya kiwandani ya gari lako. Kwa Toyota kuna mstari ulioandikwa TRANS/AXLE. Kodi ya boksi (namba ya aina yake) iwe ile ile, si "inafanana". Ukinunua difu, uwiano wake pia uwe ule ule: kwa Subaru kuna 4.11 na 4.44, na ukichanganya mbele na nyuma utaua boksi mpya kabla hujafika Juja. Kwa CVT ya X-Trail kuna chipu ndogo inayokwenda na valvu bodi (sehemu inayogawa oili ndani ya boksi), na kompyuta lazima ifundishwe boksi mpya. Fundi asiyejua hilo atakurudishia gari linalotetemeka na kusema "litazoea".

Fungua boliti ya chini dukani. Unga laini kama masizi kwenye sumaku ni kawaida, vipande vinavyong'aa si kawaida. Siku za kujaribu ziandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya boksi. Halafu, na hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, pozeo na mabomba yake visafishwe au vibadilishwe kabla ya boksi mpya kufungwa. Vyuma vya boksi ya kwanza vimejificha humo, vinangoja ya pili.

Nimekwama sasa hivi. Rafiki yangu ana kamba.

Asante kwa rafiki, lakini kamba arudishe. Injini ikiwa imezimwa pampu haizunguki, na magurudumu yanazungusha boksi kavu. Fo-wili ikinyanyuliwa mbele tu, nyuma ikiburuzwa, ni kulivuta gari huku linajipinga lenyewe. Ita gari la kubeba mgongoni, magurudumu yote manne hewani. Kama ni kulitoa tu katikati ya barabara, weka N, lisukumwe mita chache mpaka kando, washa hazadi, uweke handbreki kwanza halafu P. Kisha nipigie, na uniambie lilifanya nini dakika tano kabla ya kukwama.